Mizani ya Pamba na Uchunguzi wa Mali ya Umma Mwanza

Mji wa Mwanza, tangu Wajerumani walipoweka boma lao hapo mwaka 1892 hata leo, umekuwa ndio mlango wa mazao ya Usukuma na visiwa vya ziwa. Na kwa kuwa mali ya wengi haipiti mlangoni bila ya kushikwa na mikono ya wachache, historia ya mji huo ni pia historia ya watu kuuliza mali yao imekwenda wapi. Siku hizi mtu akisikia habari za uchunguzi hukumbuka TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, na ripoti za Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali, na tume ziundwazo na Rais. Lakini kwenye mwambao wa Ziwa Victoria uchunguzi wa fedha za pamba haukuanza ofisini, wala haukuanzishwa na wakubwa. Ulianza kwenye magulio, chini ya mizani, ukafanywa na wakulima ambao wengi wao hawakujua kusoma. Na makusudi ya makala haya ni kueleza ulivyoanza, ulivyohamia mikononi mwa wengine, na kilichopotea katika kuhama huko.

Kabla ya pamba kushika nchi, mali ya umma Usukumani ilikuwa nafaka na mifugo iliyopelekwa kwa mtemi, naye akatazamiwa kuitoa siku za njaa na za mikusanyiko. Hapakuwa na daftari, lakini palikuwa na wazee waliomzunguka, walioitwa banang'oma, ambao ndio waliomchagua na ndio waliokuwa na uwezo wa kumwondoa, na mtemi aliyesahau kwamba ghala lake ni amana alikumbushwa na watu wale wale waliomkalisha kitini. Gavana Donald Cameron alipokuja Tanganyika mwaka 1925, akaleta sheria ya tawala za wenyeji mwaka uliofuata, mambo yaligeuka: ushuru wa kimila ukaachwa, mtemi akawekewa mshahara, na kodi ikaingizwa katika baitulmali ya wenyeji yenye karani, stakabadhi na vitabu vya hesabu. Huo ulikuwa mpango bora kwa namna nyingi, maana hesabu iliyoandikwa hukanushwa kwa shida. Walakini aliyekuja kuzikagua hesabu hizo alikuwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na karani aliyepunguza fedha alimwogopa Bwana Shauri peke yake. Mlipa kodi, ambaye fedha ilikuwa yake, alisimama nje ya mlango na kupata habari za upotevu siku mtemi au karani alipokwisha kuondolewa.

Pamba ndiyo iliyomleta mkulima karibu na hesabu. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilipoanza kutoa mbegu zilizoifaa ardhi ya Usukuma, zao hilo lilienea kutoka Kwimba hadi Geita, na kutoka Ukerewe hadi Maswa. Vinu vya kuchambulia vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi, nao ndio waliopeleka wanunuzi katika magulio. Bei ilitangazwa na serikali, kila ratili moja kwa senti kadhaa, na mnunuzi hakuwa na ruhusa ya kuipunguza. Basi aliyetaka faida iliyozidi halali aliitafuta mahali ambapo tangazo la serikali halikufika, nako ni kwenye uzito.

Yafaa kueleza kwa karibu jinsi pamba ilivyonunuliwa, maana kadhia yote iliyofuata imetoka hapo. Mkulima alifika na mzigo wake kichwani mwa mkewe, au juu ya baiskeli, au juu ya punda, akasubiri zamu juani pengine mchana kutwa. Mzigo ulikaguliwa kwanza, na mkaguzi akasema kama ni pamba safi au pamba fifi, na kwa neno hilo moja bei ikabaki juu au ikashuka sana. Kisha ukaning'inizwa kwenye ndoana ya mizani, mshale ukatikisika, na kabla haujatulia karani alikwisha kutaja hesabu na kuiandika katika kipande cha karatasi ambacho mwenye mali alikipokea kwa mikono miwili bila ya kujua kimeandikwa nini. Ratili zilizozidi makumi zilisahauliwa. Gunia lilikatwa uzito zaidi ya uzito wake. Chemchemi ya mizani ililegezwa au kukazwa, na goti la mpimaji likauinua mzigo kutoka chini pale ambapo jicho la mkulima lilikuwa linautazama mshale. Wizi wa namna hii ni mdogo kwa kila mtu na mkubwa kwa jumla, na kwa hiyo ulidumu: aliyepunjwa ratili tatu aliona haya kugombana kwa ajili ya ratili tatu, ilhali mnunuzi aliyewapunja watu mia kwa siku moja alilala na ratili mia tatu asizozilipia.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa kandokando ya ziwa walipata dawa iliyokuwa nyepesi na ya ajabu. Walichangishana, wakanunua mizani yao wenyewe, wakaweka vijana wao waliosoma karibu na magulio, na kila mzigo ukapimwa kwanza huku kabla ya kupelekwa kule. Mtu alipofika mbele ya mnunuzi alikuwa tayari ana uzito wake mfukoni, na karani akitaja pungufu, ubishi haukuwa tena baina ya mkulima mmoja na tajiri, bali baina ya mizani na mizani, mbele ya safu nzima ya mashahidi. Hapakuwa na tume, wala hakimu, wala ripoti. Uchunguzi ulifanywa na mwenye mali, mahali pale pale na saa ile ile, na hukumu yake ilikuwa kulipwa haki kabla ya kurudi nyumbani.

Katika vuguvugu hilo alitokea Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma mwaka 1925, aliyepata kufanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui kabla ya kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mjini Mwanza. Bomani aliona kwamba mizani ya wakulima, kama ingebaki kuwa ya kuhakikisha tu, isingeondoa dhuluma, kwa kuwa mnunuzi angebaki kuwa mnunuzi. Akawakusanya wakulima katika chama cha Jimbo la Ziwa, akenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, na mwaka 1955 likaandikishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana na watu wote kwa herufi zake VFCU. Mwaka uliofuata Shirikisho lilikuwa na kinu chake lenyewe huko Kasamwa katika Geita, na ulipokwisha mwongo huo vyama vyake vya msingi vilizidi 300 na pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipita mikononi mwake. Tukikumbuka kwamba chama cha siasa cha TANU kilipigwa marufuku kufungua matawi katika jimbo hilo tangu 1954 hadi 1958, tutafahamu kwa nini ushirika ulibeba matumaini yaliyozidi bei ya pamba: pale ambapo siasa ilinyamazishwa, mkutano wa chama cha ushirika ndio uliokuwa baraza la watu kusema.

Uhuru ulipopatikana, mkulima wa Usukuma aliamini kwamba vita vya mizani vimekwisha, kwa sababu mizani sasa ilikuwa yake, na karani alikuwa mtoto wa jirani yake. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo nchi nyingi zimelirudia. Watu waliodhani kwamba dhuluma hutoka kwa mgeni peke yake waliacha kusimama karibu na mizani, na vijana wa kuhakikisha uzito, ambao zamani walimkodolea macho mnunuzi wa Kihindi, wakawa wao wenyewe ndio wapimaji, na asiwepo wa kuwakodolea macho wao.

Hila zilizofuata zilikuwa za kale zikiwa zimevaa nguo mpya. Karani wa chama aliweza kumpunguzia kila mwanachama ratili chache, kisha ziada iliyopatikana akaiandikia jina la mtu asiyekuwapo, akayapokea malipo yake kwa mkono wake. Pamba iliyopungua kati ya gulio na kinu iliandikwa kwamba imekauka, nayo kweli hukauka, lakini katika vitabu hukauka zaidi kuliko juani. Juu yake yakaja makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya Shirikisho, ya mfuko huu na mfuko ule, na kila kato likiwa na sababu njema, mkulima akapokea fedha iliyobaki baada ya wote kukata, asijue ni nani aliyemkata kiasi gani. Shirikisho kwa upande wake liliingia katika mashamba ya pamoja yaliyolimwa kwa matrekta, na mashamba hayo yakaacha madeni badala ya faida. Yote haya yalitokea wakati mavuno yalipokuwa yakiongezeka kwa kasi, takriban maradufu katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na mali ikiongezeka upesi kuliko watu wa kuihesabu, mwizi na mjinga hufichana katika daftari moja hata isiweze kujulikana ni yupi aliyeiba na ni yupi aliyekosea.

Wakulima walitoa hukumu yao ya kwanza kwa kura. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, ambamo wagombea wawili wa TANU walishindana kwa alama ya jembe na alama ya nyumba, Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa nchi nzima na baba wa ushirika wa pamba, alishindwa katika jimbo lake la Mwanza. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumrudisha barazani, kwa kuwa maarifa yake yalihitajiwa, na sina haja ya kumsingizia mtu huyo aliyetumikia nchi yake miaka mingi makosa ya makarani wa magulio. Lakini pana insafu katika kusema kwamba wananchi walipiga kura wakiwa na karatasi ya makato mawazoni.

Mwaka 1966 Rais aliunda Kamati Maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za kuuza mazao, ikiongozwa na Mhaville, nayo ikazunguka nchi kusikiliza wakulima, makatibu na wakubwa. Matokeo yake yanastahili kusomwa hata leo na kila anayeajiriwa katika ofisi ya umma, kwa sababu kamati haikutosheka kuhesabu wezi. Ilisema kwamba wanachama hawakuelezwa mambo ya chama chao wala haki zao ndani yake. Kwamba wafanyakazi wenye ujuzi walikuwa haba. Kwamba katika vyama vikuu sauti ya mwanachama haikufika. Kwamba wanasiasa waliingilia kati, wakaandikisha vyama pasipokuwa na mazao ya kuvilisha. Na kwamba katika udhaifu huo upendeleo na ubadhirifu ulipata nafasi. Serikali ilijibu kwa waraka wake mwaka ule ule, ikaikubali sehemu kubwa ya ushauri. Mwaka huo huo ilianza kazi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chini ya Erasto Mang'enya, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, ambayo ilizunguka mikoani kupokea malalamiko ya raia juu ya maofisa waliotumia vibaya madaraka yao.

Basi hapa pana jambo la kuzingatia. Kamati iliona wazi kwamba ugonjwa wa kwanza ulikuwa mwanachama kutofahamishwa, lakini tiba iliyotolewa ilikuwa kubadilisha wakubwa. Serikali ilishika usimamizi wa vyama vikuu kadhaa, VFCU ikiwa kimojawapo; Shirikisho likavunjwa, na mahali pake mwaka 1968 pakawa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Wezi wengine waliondolewa, hesabu zikapata watu bora zaidi, na hakuna mwenye haki atakayekanusha faida hiyo; ila mkulima, aliyekuwa mwenye mizani mwaka 1952, alikuwa sasa mtazamaji wa mabishano baina ya ofisi na ofisi. Mwaka 1976 hata chama kikuu kilivunjwa pamoja na vyama vikuu vyote nchini, vijiji vikaambiwa ndivyo ushirika, na pamba ikanunuliwa na Mamlaka ya Pamba, shirika la umma ambalo lilikawia kulipa hata watu wakarudi nyumbani na karatasi badala ya fedha. Mnunuzi wa Kihindi alipunguza ratili, lakini alilipa siku ile ile. Aliyekuja kwa jina la wananchi alipima kilo, kisha akaomba subira.

Upande wa mwenendo wa maofisa, mikoa ya Usukuma ilitoa mfano mmoja ambao hautasahauliwa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba watu waliokamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakati wa msako wa wauaji, waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola na baadhi yao wakafa. Mwinyi hakumpiga mtu, wala hakuamuru apigwe. Aliondoka kwa sababu dhamana ilikuwa yake, na miaka minane baadaye nchi ilimpa urais. Katika kadhia za fedha mfano huo haukufuatwa sana: daftari likipungua, aghalabu hutafutwa karani, na karani akipatikana, waliomwajiri, wakamsimamia, na wakatia sahihi chini ya hesabu zake hupumua.

Yaliyobaki yaweza kusimuliwa kwa ufupi. Vyama vya ushirika vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka huo huo likaundwa shirika la kuvikagua. Nyanza ikafufuka mwaka 1984. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, ambavyo viliwatia hofu wenye hatia na wasio na hatia kwa pamoja. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa watu binafsi, na Nyanza, iliyozoea kuwa mnunuzi peke yake, ikalemewa na madeni. Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa alimpa kazi ya kuchunguza kero ya rushwa Joseph Warioba, mwana wa Bunda katika mwambao wa mashariki wa ziwa hili, na tume yake ikatenga bayana rushwa ya mtumishi mdogo anayetafuta riziki na rushwa ya mkubwa anayetafuta utajiri, ikisema ya pili ndiyo inayoiharibu nchi. Taasisi ya kuzuia rushwa ikapewa sheria mpya na jina la TAKUKURU mwaka 2007. Mwaka 2018 serikali iliamuru pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, viitwavyo sasa AMCOS, na haikuchukua muda baadhi ya viongozi wa vyama hivyo wakaitwa kueleza ziko wapi fedha za wakulima.

Na wakulima nao, kwa kuwa uadilifu haukai upande mmoja, hawakukosa waliojifunza kutoka kwa waliowapunja: pamba iliyonyunyiziwa maji usiku, na mchanga uliochanganywa ndani ya mzigo, ni malalamiko ya kila msimu katika vinu. Yule aliyekwisha kuamini kwamba mizani haisemi kweli huona si vibaya kuidanganya, na hivyo uongo wa karani mmoja huzaa uongo wa wauzaji mia, hata zao zima likavunjiwa heshima sokoni. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna mkaguzi anayeiandika, kwa sababu haina safu yake katika kitabu.

Tukilinganisha zama hizi zote, tunaona kwamba kila uchunguzi mkubwa uliofanywa na serikali ulifika baada ya mali kuliwa. Kamati, tume na mahakama zina kazi yake, na nchi isiyokuwa nazo imewaachia wezi uwanja. Lakini ripoti huandikwa juu ya fedha iliyokwisha kwenda, na mshitakiwa akifungwa, mkulima harudishiwi ratili zake. Uchunguzi uliomrudishia mtu mali yake siku ile ile ulikuwa ule wa mizani mbili, nao haukuhitaji wakaguzi wengi wala magari. Ulihitaji mwenye mali awe na kipimo chake, aelewe kilichoandikwa, na asione haya kuuliza mbele ya watu.

Kwa hiyo rai yangu kwa wanaosimamia vyama na idara za umma katika mikoa ya ziwa ni hii: kabla ya kumngoja mkaguzi wa kila mwaka, hesabu ya kila gulio isomwe kwa sauti siku ya kufunga ununuzi, uzito kwa uzito na kato kwa kato, kwa lugha ambayo mama aliyeleta pamba ataifahamu, na nakala yake ibandikwe ukutani ili mtoto wake aisome tena jioni. Na kwa mkulima nasema: nenda mkutanoni, na ukifika, uliza. Chama ambacho hakuna mwanachama anayeuliza hesabu zake kimekwisha kuibiwa, hata kama mwizi bado hajaajiriwa.